Nyasi Hazijaambiwa

Nyumbani kwetu mvua iliogopwa kuliko mwizi. Wingu likitanda tu, niliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu msitu, nikakimbilia mlango wa nyuma kuupiga komeo. Wateja walinizoea. Wengine walidhani nina nguo kwenye kamba. Sikuwa na nguo, nilikuwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe ni wa marehemu dada yangu. Walimwita Chiriku tangu anajifunza kusema, maana akiamka mdomo wake haukuwa na likizo. Kisha mto uliopita nyuma ya nyumba yao ukafurika usiku mmoja, ukamchukua mama ukamwacha yeye, na Chiriku niliyeletewa na majirani hakuwa na maneno zaidi ya yale ya lazima: ndiyo, hapana, nimeshiba. Maji hakutaka hata kuyasikia. Alijifuta mwili kwa kitambaa kibichi, ndoo ikiwa nyuma yangu asiione. Na mvua ikianza kugonga bati alitoka mbio, wala hakukimbilia uvunguni kama watoto wengine. Alikimbilia juu.

Ukuta kwa ukuta na sisi lipo ghorofa ambalo mwenyewe alilitelekeza kabla halijaisha. Lina ngazi zisizo na kingo, na huko juu kabisa ni zege tupu na nondo zilizochomoza. Mvua ya kwanza tangu aje kwetu tulimkuta huko, amesimama ukingoni, ameloa chapachapa, anatazama barabara. Mume wangu alimbeba begani kumshusha, naye akamng'ata mkono mpaka damu ikatoka. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa namwona akianguka hata mchana kweupe, niko macho, kichana mkononi.

Kuhusu mama yake, wazee wa ukoo walikaa wakaamua mtoto asiambiwe. Akiuliza, aambiwe mama amesafiri, atazoea taratibu. Siku alipofika nilimwambia hivyo, amesafiri, na yeye hakuuliza tena hata mara moja. Tukajipongeza kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Sasa nimlete mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Fundi Kioo. Kazi yake ni kukata vioo vya madirisha na kabati, na karakana yake inatenganishwa na saluni yangu kwa pazia tu. Ni mtu mpole, wa kutabasamu mahali pa kujibu, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama hicho. Mteja mmoja alimwagiza tangi la samaki, kubwa, la kukaa watu wawili wakipenda, kisha akapotea. Tangi likabaki juu ya meza ya kazi karibu na dirisha, linakusanya vumbi, mpaka siku mume wangu alipotoka kwa muuza samaki wa mapambo na kifurushi cha gazeti lililolowa. Ndani yake mlikuwa na vijimea vidogo, vijani vyake vimelingana na punje za mchele.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Zulia."

"Zulia gani hilo, la sisimizi?"

"La chini ya tangi. Vikitambaa vinafunika mchanga wote, unaona kijani tupu, samaki wanapita juu yake." Akaniangalia usoni, akaona ninachokiwaza. "Usiogope. Wenye uwezo wana mitungi ya gesi ya kulishia mimea na mataa makali. Mimi nina dirisha na subira. Muuza samaki anasema bila gesi, ukivipanda majini moja kwa moja vinang'oka vinaelea kabla havijashika. Kwa hiyo unaanza pakavu. Udongo, mchanga juu yake, unyevunyevu basi, unafunika na nailoni. Vikae hapo vitambae, vishike mizizi."

"Halafu?"

Akatabasamu.

"Halafu nini, Fundi? Unaleta maji ndani ya nyumba hii?"

"Hakuna maji, mke wangu. Tazama mwenyewe, ni udongo. Maji ni baadaye."

Baadaye. Mume wangu akitamka neno hilo, ujue kuna jambo analikimbia. Nikataka kulitupa hilo gazeti jalalani, lakini Chiriku alikuwa amesimama kwenye pazia. Alikuwa anavitazama vile vijimea, na tangu aje kwetu sikuwahi kumwona akitazama kitu bila kwanza kutafuta mlango uko wapi.

Ndivyo ilivyoanza. Mume wangu ana vidole vinene vilivyochanjwachanjwa na vioo. Kila akichomeka kijimea, anachomoa viwili. Chiriku alimtazama akihangaika, kisha akanyoosha mkono akachukua kibano. Alichomeka kimoja kimoja, kwa mstari, ameuma ulimi pembeni ya mdomo. Waliniibia na chupa yangu ya kupulizia nywele, nikafoka maneno matatu na kuwaachia. Mtoto asiyegusa maji sasa alikuwa anapulizia manyunyu juu ya mchanga, kidogo tu, kisha anapangusa mikono kwenye sketi. Kila asubuhi kabla ya shule alifunua nailoni ili hewa iingie visiote ukungu, akasubiri, akafunika tena.

Na alianza kusema. Hakusema nasi. Aliongea na nyasi zake, ndivyo alivyoviita vile vijimea, na mimi nilimsikia nyuma ya pazia: leo ni jua, leo nitachelewa kurudi, wewe umekonda, wewe umemzidi mwenzako. Nilisimamisha mkono katikati ya msuko ili nisikilize. Mteja akiniuliza vipi, nasema uzi umekwisha.

Furaha hiyo ilikuja na hofu kubwa zaidi, kwa sababu mimi nilijua na yeye hakujua. Nyasi zilitambaa. Zikaziba nafasi kati ya mstari na mstari, zikapanda kidogo kwenye kioo. Mume wangu alizivuta taratibu kwa kibano, zikakataa kutoka. Zimeshika, akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi.

"Mwambie kwamba zitawekwa maji," nikasema.

"Mwambie wewe. Ni mtoto wa dada yako."

"Tangi ni la nani?"

"Mimi nikimwambia atanichukia."

"Na mimi je?"

Tulizungushana hivyo kama watoto wanaosukumiana kwenda dukani. Kila mvua ilipokuwa mbali nilisema nitamwambia kesho, na kila wingu lilipotanda nilishukuru kwamba sijamwambia. Mwisho mume wangu akaja na mpango. Atajaza tangi Chiriku akiwa shuleni. Akirudi atakuta limeshajaa, maji yametulia, nyasi ziko palepale kijani, ataona ni jambo la kawaida. Kinachomtisha ni maji yanayokuja, alisema, si maji yaliyokwisha kufika.

Hofu ina tabia ya kukufanya uone akili mahali pasipo na akili. Nilikubali.

Siku yenyewe haikuwa na wingu hata la dawa, na kwa hiyo mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Nilikuwa na mteja, mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule, kichwa nimefika utosini. Nyuma ya pazia mume wangu alivuta mpira kutoka bombani. Aliweka sahani juu ya nyasi ili maji yaangukie hapo yasichimbe udongo, akafungulia kidogo. Nilisikia maji yakigonga sahani. Ulikuwa mlio mdogo tu, wa kikombe kinachooshwa.

"Wamefunga shule mapema leo," mteja wangu akasema. "Walimu wana mkutano. Nimewaona watoto wamejaa njiani."

Nikainua macho kwenye kioo kilichokuwa mbele yetu. Ndani ya kioo, nyuma ya bega langu, Chiriku alikuwa amesimama kwenye pazia na mkoba mgongoni. Hakulia wala hakupiga kelele. Alitazama sahani, akatazama maji yanavyofurika kutoka kwenye sahani na kuingia kati ya nyasi, akasema kwa sauti ya chini, "Maji." Kisha kwenye kioo kukabaki pazia peke yake.

Nilikimbia na kichana kimenata mkononi. Mlango wa nyuma, uchochoro, ngazi. Mimi ni mtu ninayeogopa hata kupanda kiti kubadilisha taa, na zile ngazi zina upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa. Nilipanda nikiwa nimejibana ukutani, naguna kama mzee, na kila nilipokanyaga kokoto ikateleza ikadondoka chini niliisikia ikifika. Nilimwita. Juu yangu kulisikika nyayo za miguu midogo, haziendi mbio, zinapanda tu kama za mtu anayejua njia.

Nilipochomoza kichwa juu, alikuwa ukingoni. Mkono mmoja umeshika nondo, vidole vya miguu vimevuka zege. Chini yake kulikuwa na kifusi, matofali na vyuma, na mume wangu ametoka mbio hadi barabarani, mpira bado mkononi, maji yakimwagika vumbini mbele ya macho ya mtoto. Nilimtukana kimoyomoyo tusi ambalo sitalirudia.

"Chiriku, mwanangu," nikasema. "Rudi huku kidogo."

Akageuza shingo. "Mama mdogo, panda. Usisimame hapo kwenye ngazi, yatakufika."

Alikuwa ananiogopea mimi. Nikapanda zile ngazi zilizobaki, nikaenda kwa kutambaa juu ya zege la moto.

"Ni maji ya tangi tu," nikasema. "Hayafiki popote."

"Nyasi hazijaambiwa."

"Nini?"

"Nilizifunika asubuhi, sikuziambia kitu. Nani aliziambia kwamba maji yanakuja?"

"Hakuna," nikajibu. "Hakuna aliyeziambia. Tulikosea. Twende tukaziambie sasa hivi."

"Siwezi kushuka."

"Nitakushika."

"Siwezi," akarudia, akinitazama kama vile mimi ndiye mtoto nisiyeelewa jambo dogo. "Mama alisema nikisikia maji nipande juu, nisingoje mtu. Alisema nikae hukohuko nisishuke mpaka aje mwenyewe aniambie shuka. Siku ile baba mdogo alinishusha kwa nguvu. Sasa kama alikuja akanikosa?"

Nilidhani nimeshajua hofu. Nilikuwa nimeishi nayo, nimeipikia na kulala nayo. Lakini hapo juu ya zege ndipo nilipoogopa kweli. Miezi yote ile tulisema mtoto ameharibika akili kwa woga, kumbe hakuwa na woga wowote zaidi ya ule wa kumkosea mama yake. Alikuwa anatii. Alikuwa anapanda mahali mama yake angemwona, anamsubiri, na sisi tulikuwa tumemwambia mama amesafiri. Aliyesafiri hurudi.

Uongo mwingine ulinijia mdomoni upesi, mtamu kabisa. Mama yako amenipigia simu, amesema ushuke. Angeshuka. Leo angeshuka, na mvua ya kesho angepanda tena, akae na kungoja, mpaka siku zege lililolowa limteleze. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa imeishia hapo ukingoni. Lakini ukweli nao ulikuwa wa kumwambia mtoto aliyeshika nondo kwa mkono mmoja. Nikimwambia, akiachia je?

Nikajivuta mpaka nikashika mkanda wa mkoba wake. Niliuzungusha mkononi. Kama angekwenda tungekwenda wote wawili, maana mimi ni mzito na zege lile halina pa kujishikilia, lakini nisingeuachia. Nilisali bila maneno.

"Chiriku, mama yako hatakuja kukuambia ushuke."

"Amesafiri."

"Hakusafiri. Tulikudanganya. Alikufa. Maji yalimuua usiku uleule, baada ya kukupandisha wewe. Walimpata, tukamzika. Mimi nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu."

Hakusogea. Huko chini mume wangu alikuwa amepata akili ya kukunja mpira, maji yakakatika. Nilisikia mkanda wa mkoba ukivutika mkononi mwangu, polepole, kuelekea nje. Alikuwa ameinamia mbele, anatazama barabara yote, huku na huku, kama mtu anayekagua kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga duka. Nilibana mpaka vidole vikafa ganzi.

Akarudi nyuma hatua ndogo.

"Sasa nani wa kuniambia nishuke?"

"Mimi," nikasema. "Kama utakubali."

Alinitazama, nimelala kifudifudi, nywele zimejaa vumbi, kichana kimenasa kwenye gauni. Sikuwa kitu cha kutamanisha.

"Basi sema."

"Shuka, Chiriku."

Akaachia nondo. Akalia hapohapo, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia tangu aletwe, na nilimvuta nikamfunika na mwili wangu wote mbali na ule ukingo. Alilia mpaka akachoka. Kisha akainuka, akashuka ngazi mwenyewe. Mimi nilishindwa, ilibidi mume wangu apande anishike mkono, nikashuka kwa makalio ngazi baada ya ngazi, na yule mama wa duka amesimama uchochoroni na nusu ya nywele zake zimesimama.

Karakanani tangi lilikuwa na maji ya kufunika nyasi kidogo tu. Vijani vilikuwa vinayumba. Chiriku alisimama mbali na meza, akauliza bila kugeuka, "Zitakufa?"

"Hapana, haziwezi kufa, ziko salama kab..." mume wangu alianza, kwa lile tabasamu lake. Akaniona nilivyomtazama. Tabasamu likaondoka, akavuta kigoda akaketi ili awe sawa naye.

"Sikiliza," akasema. "Haya majani unayoyaona yaliota kwenye hewa. Majini mengi yatakufa. Yatageuka ya njano, yataoza, utayaona. Kama mizizi imeshika vizuri, yataota mengine ya kukaa majini. Yatachelewa, maana hatuna gesi wala taa."

"Na kama haijashika?"

"Zitakufa zote."

Mtoto akatikisa kichwa polepole. Sikujua kama ni woga au ahueni. Akasogea, akaweka paji la uso kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza nilisikia alichoziambia nyasi bila pazia katikati yetu. Aliziambia maji yamekuja na mengine yanakuja. Hakuziambia zisiogope. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni, akauacha wazi, akanishika mkono.

"Mimina," akamwambia baba yake mdogo.

Maji yakaanza kugonga sahani. Kila yalipopanda kidogo alitazama nje, mahali ngazi zilipo, kisha akanitazama mimi. Nilimwambia, hapana, baki. Akabaki. Yalipopanda tena akatazama tena, nikamwambia tena. Sijawahi kuona chombo kinachochelewa kujaa kama kile.

Mume wangu akafunga bomba. Maji yalikuwa na ukungu wa vumbi, na chini kabisa ule ukijani ulionekana kwa shida.

"Mama mlimzika wapi?" Chiriku akauliza.

Nikamwambia. Ni kule kwao, kwenye kilima, ng'ambo ya mto. Nilitaka kuishia hapo, lakini nikamwambia na lile lililobaki: njia ya kwenda huko ni moja, inapita juu ya daraja, na mto uko chini yake. Nilihisi mkono wake ukikaza.

"Daraja lenyewe liko juu?"

"Liko juu."

Akatazama tangi.

"Nipeleke," akasema. "Inabidi aambiwe nimeshashuka. Asije akawa ananitafuta huko juu."